Kwotabeki mbichi tumchukue au tumwache? Mi nahesabu mipira aliyorusha

Kuna mpira mmoja Anthony Richardson, kwotabeki wa Colts, yaani yule mrushaji mkuu wa mpira kwenye futiboli ya Kimarekani, aliurusha Septemba 2024, mechi ya kwanza ya msimu, Colts na Texans pale Indianapolis, na mpaka leo nikiukumbuka nasisimka. Jamaa anarudi nyuma, presha imeshamfikia, uzito wote uko mguu wa nyuma, hana hata nafasi ya kusimama vizuri, afu anaachia mkono tu hivi na mpira unaenda, unaenda, unaenda, mpaka Alec Pierce anaupokea kule mbele na kumaliza, tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja, ya yadi 60. Wanaume wanaoweza kurusha mpira ule wakiwa wamekaa vile ni wachache sana duniani. Na mechi hiyohiyo alirusha mipira 19 ikafika 9, Colts wakalala 29 kwa 27.

Nimeanza na mpira huo kwa sababu ndo unaowanyima usingizi mameneja wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kila Aprili drafti ikikaribia, zile siku timu zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu. Karibu kila mwaka anatokea dogo mmoja wa namna hii, mrefu, mwili wa kubeba gunia, anakimbia kama winga, mkono bunduki, halafu ukiangalia mechi zake za chuo unakuta pasi rahisi ya yadi 5 kaipiga miguuni mwa mwenzake. Mtu kama huyo tunamuita mbichi, na neno hilo liko sawa kabisa maana kibichi sio kibovu. Ndizi mbichi haina ubaya wowote, ila haiivi kwa kutolewa macho, lazima mtu aivundike, ajue anaivundika wapi na kwa siku ngapi, na akawa anaifunua kila saa kuichungulia basi hataila. Kwa hiyo wadau wakianza kubishana eti dogo ana kipaji au hana, mi naona wanabishana nje ya mada, kipaji kila mtu anakiona hata asiyejua sheria za mchezo. Swali ni nani anavundika, na ana siku ngapi.

Turudi 2023. Richardson katoka Florida, ana miaka 20 tu, hata 21 hajafika. Kombaini ya mwaka ule, yale majaribio ya mwili wanayofanyiwa vijana kabla ya drafti, ilifanyika Indianapolis ndani ya uwanja wa Colts wenyewe, na dogo akafanya maajabu. Urefu kama mita 1.93, uzito kilo 110, yadi 40 kakimbia kwa sekunde 4.43, na kwa kuruka juu na kuruka mbele akaweka rekodi za makwotabeki wote waliowahi kupimwa pale, juu inchi 40.5 yaani zaidi ya mita moja kwenda hewani. Mtu wa kilo 110! Wenye timu wanamtazama akiruka nyumbani kwao kabisa, na hawa ni watu waliokuwa na njaa, maana tangu Andrew Luck astaafu ghafla Agosti 2019 kila msimu walianza na kwotabeki mwingine, Brissett, Rivers, Wentz, Matt Ryan, mara huyu mara yule, wazee wa kuazima. Mwenye njaa ukimwekea chakula kinanukia mbele yake usitegemee aulize kimepikwa muda gani. Wakamchukua namba 4.

Kilichokuwa hakijapikwa ni hiki: alikuwa ameanza mechi 13 tu chuoni. Miaka yote ya Florida kwa jumla karusha mipira 393, na msimu wake wa mwisho asilimia ya pasi kufika ilikuwa 53.8. C.J. Stroud aliyechukuliwa namba 2 drafti ileile alikuwa amerusha mipira 830 Ohio State, zaidi ya mara mbili, na ilikuwa inafika karibu saba katika kila kumi.

Sasa hapa ndo jina la Josh Allen linapoletwa mezani, kila mara, kama kadi ya mwisho ya mchezaji. Angalia Allen, alitoka Wyoming na asilimia 56, watu wakamcheka, leo ana MVP, tuzo ya mchezaji bora, ya msimu wa 2024. Kweli. Mwaka wake wa kwanza Buffalo, 2018, asilimia 52.8, wa pili 58.8, wa tatu 69.2 na tachidauni 37 za kurusha, kupanda kwa namna ile kulishangaza hata watu waliozeeka kwenye mchezo huu. Lakini anayemtumia Allen kama ushahidi huwa anaitazama asilimia peke yake, na mi nadhani asilimia ndo inayotupoteza. Jaribu kuhesabu mipira. Allen alifika NFL akiwa amerusha 649 pale Wyoming. Lamar Jackson, ambaye naye waliambizana hawezi kurusha na wengine wakataka awe risiva, yaani mpokeaji wa pasi, alikuwa na 1,086. Mahomes, nyota wa Kansas City, watu walisema mbichi vilevile, mchezo wake wa hovyohovyo, kumbe alikuwa na mipira 1,349 Texas Tech, huyo hakuwa mbichi hata kidogo, alikuwa ameiva kwa njia yake ambayo skauti, wale wasaka vipaji, hawakuizoea. Jalen Hurts zaidi ya 1,000. Wote hao wakawa wakubwa. Halafu Trey Lance, yule San Francisco waliyepanda mpaka namba 3 mwaka 2021 wakatoa chaguo tatu za raundi ya kwanza kwa ajili yake, yeye alikuwa na 318. Na Richardson 393.

Umeona mstari ulipokatika?

Mtu atanitajia Cam Newton, na atakuwa na haki. Newton alicheza msimu mmoja tu Auburn, mipira 280, akachukuliwa wa kwanza 2011 na baadaye akawa MVP 2015. Lakini kabla ya Auburn alikuwa Blinn, kachuo kadogo kule Texas, akabeba ubingwa wa taifa wa vyuo vya ngazi ile, na pale Auburn asilimia yake ilikuwa 66, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa bila kupoteza mechi. Yaani kwa muda mfupi alishaonyesha anachoweza kufanya na mpira mkononi. Newton hakuwa ahadi tupu, na bado mi namhesabu ni wa peke yake, ukijenga sera ya timu juu ya mtu wa peke yake umejenga juu ya mchanga.

Kwa nini mipira mingi ni muhimu hivyo? Kwa sababu kazi ya kwotabeki haiko mkononi, iko kwenye macho na miguu. Ana kama sekunde mbili na nusu. Ndani ya muda huo asome mabeki wa nyuma wamekaaje, wawili au mmoja, risiva wa kwanza kafunikwa, hamia wa pili, hamia wa tatu, na kila akihamisha macho miguu nayo igeuke ielekee huko, la sivyo mkono unarusha peke yake bila mwili na mpira unapanda juu au unazama chini. Pasi za Richardson zinazokosa ukiziangalia taratibu mara nyingi mkono hauna kosa, miguu imechelewa macho, au macho yamechelewa mchezo. Hicho kitu hakifundishwi ubaoni. Unakikosea mara elfu mpaka mwili unazoea, kama mtu anavyojifunza kuendesha gari ya gia, hakuna maelezo yatakayokutoa, ni klachi na barabara.

Basi tukikubaliana kijana mbichi maana yake ni kijana ambaye hajarusha vya kutosha, kazi ya timu inakuwa moja tu: kumpatia mipira. Na hapo ndo penye mtego ambao naona watu hawausemi.

Miguu yake ndo inayomnyang'anya mipira. Kocha anajua dogo hajaweza kusoma ulinzi, kwa hiyo ili ashinde wiki hii anampangia kukimbia, na dogo anakimbia vizuri mno, mashabiki wanasimama, tachidauni zinaingia. Halafu anagongwa. Richardson mwaka wake wa kwanza alianza mechi 4. Wiki ya pili dhidi ya Texans kafunga mbili za kukimbia mapemaa, akapata mtikisiko wa ubongo akatoka. Wiki ya tano dhidi ya Titans bega likaenda, upasuaji, msimu umeisha. Mipira 84. Sisi huku tulikuwa tunakaa mpaka usiku kumtazama, mechi za kwanza za Jumapili zinaanza saa 2 usiku, na mara nyingi ukienda kuchukua chai ukirudi unamkuta Gardner Minshew, kwotabeki wa akiba, ndo yuko uwanjani. Lance vilevile, Septemba 2022 kifundo cha mguu kikavunjika kwenye mchezo wa kukimbia, mechi ya pili tu ya msimu aliokabidhiwa timu. Kipaji kilichofanya achaguliwe ndo kilichomzuia kujifunza kazi aliyochaguliwa kuifanya. Hilo linaniumiza kila nikilifikiria.

Sawa, si wamuweke benchi? Ndo jibu la wengi, Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith karibu mwaka mzima akatoka akarusha tachidauni 50. Lakini Mahomes aliingia na ile mipira 1,349 tumboni, benchi lilimuongezea akili tu, mkono na macho vilishazoea. Benchi la NFL halitoi mipira. Tangu makubaliano ya 2011 mazoezi yamepunguzwa sana, zile mara mbili kwa siku za zamani hazipo, ya kuvaa vifaa vyote msimu mzima ni 14 tu, na hayo machache yaliyopo anayeanza Jumapili ndo anayakula karibu yote, namba mbili anaigiza kwotabeki wa timu pinzani. Lance alikaa nyuma ya Garoppolo 2021 na hakuiva, maisha yake yote pale 49ers karusha mipira 102, kisha wakampeleka Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Na wakati huohuo Brock Purdy, wa mwisho kabisa kuchaguliwa 2022, namba 262, mtu aliyeanza miaka minne pale Iowa State, akaingia akakuta kila kitu anakijua.

Kwa hiyo timu nzuri inaweza kumkalisha lakini haiwezi kumpa mipira ya kukosea, maana inataka ubingwa sasa hivi. Timu mbovu inaweza kumpa mipira, ila kocha na meneja watafukuzwa kabla ndizi haijabadilika rangi. Buffalo walipona kwa sababu ambayo watu hawaihesabu: 2017, mwaka mmoja kabla ya Allen, walikuwa wameingia mchujo kwa mara ya kwanza baada ya miaka 17, kwa hiyo kocha McDermott na meneja Beane walikuwa wamenunua subira ya mji mzima. Allen mwaka wa kwanza hata yeye aliumia kiwiko akakosa mechi kadhaa, lakini bado alirusha 320, wa pili 461, akaharibu anavyoharibu na hakuna aliyemgusa, na kocha wa mashambulizi alikuwa Brian Daboll yuleyule kwa miaka yote minne ya mwanzo, lugha moja, daftari moja. Ndo 2020 wakamletea risiva mkali, Stefon Diggs. Ukijumlisha chuo na miaka hiyo miwili Allen alikuwa amerusha mipira 1,430 kabla hajawa yule Allen tunayemjua.

Richardson mpaka mwisho wa 2024 alikuwa amefikisha 741.

Nusu. Yaani Colts walimkatia tamaa akiwa nusu ya njia aliyotembea mtu wanayemlinganisha naye. Simtetei kwa kila kitu. Msimu wa 2024 asilimia 47.7, tachidauni 8 za kurusha na intasepsheni 12, yaani pasi zilizodakwa na wapinzani, hizo ni namba mbaya na hakuna namna ya kuzipamba. Na ile siku ya Oktoba 27 Houston, pasi 10 tu katika 32, akaomba kutoka mchezo mmoja, baadaye akasema alikuwa amechoka, mi mwenyewe nilikasirika, kwotabeki hatoki kwa kuchoka, wenzake kumi wamechoka pia. Kumtoa baada ya pale kulikuwa na haki yake. Lakini kilichofuata kinaonyesha tatizo ni la nani: wakampa Joe Flacco, kwotabeki mkongwe aliyekuwa benchi, timu kwa mechi mbili, Flacco akapoteza zote mbili, wakamrudisha dogo, akaenda akawashinda Jets 28-27 kwa kukimbiza mwenyewe ile tachidauni ya mwisho. Benchi, ndani, benchi, ndani. Huko ndo kufunua ndizi kila saa. Agosti 2025 wakamkabidhi timu Daniel Jones, Oktoba dogo akavunjika mfupa wa pembeni ya jicho akiwa anapasha misuli na ule mpira wa kuvuta, bahati mbaya tupu hiyo, na Desemba Jones alipokatika kano ya kisigino wakaenda kumrudisha Philip Rivers, mtu wa miaka 44 aliyekuwa nyumbani. Mzee wa kuazima tena, yuleyule wa 2020. Miaka mitano imezunguka duara.

Na kinachoniuma zaidi, mahitaji yote walikuwa nayo 2023. Minshew walimsajili Machi mwaka ule kabla hata ya drafti, na Shane Steichen kocha mpya alikuwa anamjua kutoka Eagles. Alipoingia baada ya bega la Richardson, Minshew aliifikisha timu ushindi 9 na vipigo 8, wakakosa mchujo kwenye mechi ya mwisho kabisa. Kumbe mtu wa kuendesha gari wakati dogo anajifunza alikuwepo palepale, wakaamua dogo wa miaka 21 aanze wiki ya kwanza.

Upande wa hela mi sioni kama ni kamari kubwa kama watu wanavyodhani. Zamani ilikuwa balaa, Sam Bradford 2010 alisaini mkataba wenye dola milioni 50 za uhakika kabla hajarusha mpira hata mmoja, ukikosea timu imefungwa miaka. Tangu 2011 mishahara ya vijana imewekewa ngazi, Richardson kwa namba 4 alipata takriban milioni 34 kwa miaka minne, wakati kikomo cha mishahara cha timu mwaka ule kilikuwa karibu milioni 225 kwa msimu mmoja. Gharama halisi ni waliopita. Namba 5 akachukuliwa Devon Witherspoon, namba 9 Jalen Carter, hao wote wangekuwa wanaanza Indianapolis leo. Na gharama nyingine ni ya dogo mwenyewe, ambayo kwenye karatasi za skauti haimo: ule mwaka mmoja au miwili wa chuo aliouacha, mipira kama 700 hivi ya kukosea bila mji mzima kumpigia kelele, hairudi tena. Simlaumu kuondoka, milioni 34 ukiwa na miaka 20 unaondoka, hata mi ningeondoka. Ila tangu 2021 wanafunzi waliporuhusiwa kulipwa kwa majina yao, naona makwotabeki wanakaa chuoni, Jayden Daniels alifika 2024 na mechi 55 za kuanza, Bo Nix 61. Mbichi wa kweli watakuwa wachache zaidi miaka inayokuja, na wale watakaojitokeza hata hivyo itabidi tujiulize mara mbili kwa nini hawakupata pa kurushia.

Sasa nichukue au niache? Ukiniletea dogo mwenye mipira chini ya 400, mwili wa ajabu, namba za kombaini za kutisha, mi siulizi kwanza habari zake, nauliza habari za timu. Kocha ana mkataba wa miaka mingapi? Mmiliki alishawahi kuvumilia chochote? Kuna mtu mzima wa kuanza bila ugomvi? Mstari wa wanaomkinga kwotabeki unasimama, maana dogo anayekimbizwa kila mchezo atajifunza kukimbia tu? Majibu yakiwa mabaya namuacha apite, hata kama najua ataenda kuwa mkubwa kwingine, kwangu angeharibika tu na mi ningekuwa nimeharibu kijana wa watu. Majibu yakiwa mazuri nachukua bila kutetemeka, maana kwotabeki wa kawaida anakupa ushindi 9 kila mwaka mpaka unazeeka, na wale wanne watano wanaobadilisha mji hawapatikani kwa kuchagua salama.

Indianapolis ya Aprili 2023 majibu yake mengi yalikuwa mazuri, ndo maana sikubaliani na wanaosema walikosea kumchagua. Ningekuwa kwenye kile kiti jina lake ningeliandika vilevile. Chini yake ningeandika: Minshew mechi 17 zote, dogo acheze dakika zote za mechi za maandalizi za Agosti, robo ya mazoezi ya kila wiki iwe yake hata kama kocha analalamika, mwaka wa pili aanze na kukimbia kwa kupangiwa kusizidi mara tatu kwa mechi, na mipira 900 ya mechi za msimu, hata ikichukua miaka, itimie kabla ya mtu yeyote jengoni kutamka neno benchi. Halafu karatasi hiyo mmiliki aisaini kwanza, ndo tumpigie dogo simu.